Maumivu ya Kiuno: Tusimfute Mwenzetu Kitabuni

(Haya ni mazungumzo ya mfanyakazi wa huduma za jamii na viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, ili muweze kuyasoma kwa sauti katika mkutano wenu. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.)



Asubuhi tulipokuwa tunajitambulisha niliona jambo. Mama wawili hapa walisimama kwa kushika meza kwanza. Na mzee mmoja nilipompa kiti alikataa, akasema ni heri asimame ukutani. Sikuuliza kitu. Sasa nauliza. Ni nani hapa ameumwa na kiuno, yaani mgongo wa chini, kwa zaidi ya miezi mitatu? Inueni mikono, msione haya. Haya, geukeni mtazame. Ni zaidi ya nusu yetu. Basi leo hatuzungumzi habari za watu wengine. Tunazungumza habari zetu wenyewe.

Kabla sijaingia katika somo, nina deni la kulipa. Mwaka 2009 nilikuwa bado mgeni katika kazi hii. Kikundi kimoja cha kina mama, wakulima wa viazi huko Nyandarua, kilikuwa na shamba la pamoja. Kila Jumanne walilima, na asiyefika alitozwa faini. Mama mmoja mwenye watoto wanne akaanza kuumwa na kiuno wakati wa kuvuna. Akakosa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Faini ikawa deni. Zamu yake ya mzunguko wa pesa ilipofika, wakakata deni lao kwanza. Pakatokea maneno, nikaitwa niamue.

Mimi na diploma yangu nikasema kwa upole, "Mama, nenda nyumbani ulale. Pumzika mpaka upone kabisa, ndipo urudi." Nikamwambia katibu aliondoe jina lake kitabuni kwa muda, ili faini zisizidi kupanda. Niliona nimemhurumia.

Mama yule alilala kwa karibu miezi mitatu. Aliuza kuku akanunua dawa, kisha akauza mbuzi akadungwa sindano. Alipoinuka hakuweza kubeba hata nusu debe la maji. Kiuno kilikuwa bado kinauma, na sasa kilikuwa kimedhoofika pia. Kikundini nafasi yake ilikuwa imejazwa na mtu mwingine. Kumbe mimi nilimpa dawa mbili mbaya kwa pamoja: kitanda na upweke. Ndiyo sababu nasimama hapa leo.

MGONGO UMESHIKILIWA NA NINI?

Nyote mmewahi kuona mbuzi akichinjwa. Pale mgongoni, kila upande wa mfupa, kuna mkanda mrefu wa nyama nzuri. Hata wewe unayo. Weka vidole gumba juu ya kiuno chako, kushoto na kulia mwa uti wa mgongo, kisha jiinamishe kidogo mbele. Unasikia inavyokaza? Hiyo ndiyo misuli inayokuzuia usianguke kifudifudi unapolima.

Chini ya mikanda hiyo kuna misuli mingine midogo, ya ndani kabisa, inayofunga pingili moja na nyingine. Pingili za kiuno ni tano. Mbele kuna misuli ya tumbo. Chini kuna misuli ya makalio, ambayo ni mikubwa na yenye nguvu nyingi. Na kuna msuli mwingine unaotoka kwenye uti wa mgongo, ukapita ndani ya kinena na kushika paja. Huo ndio unaoinua goti unapopanda mlima.

Fikirieni mlingoti wa hema. Mlingoti peke yake hausimami. Unasimamishwa na kamba za pande zote. Kamba moja ikilegea, nyingine huvutwa kupita kiasi. Mgongo ni hivyo hivyo. Mara nyingi pahali panapouma ni pale palipobeba kazi ya mwingine aliyelala.

KWA NINI MISULI HUUMA MIEZI NA MIEZI?

Sababu ya kwanza ni kazi ya namna moja bila kubadilisha. Ukiinama asubuhi nzima ukipalilia kwa jembe la mpini mfupi, ile misuli ya mgongo imekaza saa zote hizo. Msuli uliokaza bila kuachia haupati damu ya kutosha. Unachoka, unauma. Kuinama si dhambi, mgongo uliumbwa uiname. Ubaya ni kuinama saa tatu bila kunyooka.

Sababu ya pili ni mzigo. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20 na zaidi kidogo. Ukiubeba kwa mkono mmoja, upande wa pili wa kiuno unavuta kwa nguvu ili usipinduke. Na mzigo ukiwa mbali na kifua, uzito wake kwa mgongo huongezeka. Mnajua jinsi jembe linavyokuwa zito ukilishika mwisho wa mpini na kulinyoosha mbele yako. Jembe ni lile lile, ila liko mbali.

Sababu ya tatu ni kinyume cha kazi: kukaa. Fundi wa cherehani, dereva wa matatu, kijana wa bodaboda, hata karani wa ofisini. Misuli ya makalio na ya tumbo inasinzia, nyonga zinakuwa ngumu. Siku akiitwa kubeba gunia moja tu, kiuno kinagoma. Mama aliyejifungua karibuni naye misuli yake ya tumbo imelegea, na tayari ana mtoto mgongoni na maji kichwani.

Sababu ya nne haionekani kwa macho. Ni hofu. Mtu akishaumia mara moja, anaanza kutembea kama aliyebeba mayai. Anakaza mgongo wote ili usitikisike. Kukaza kunaleta maumivu, maumivu yanaleta hofu, hofu inaleta kulala, kulala kunaleta udhaifu. Ile misuli midogo ya ndani hupungua kabisa, na kwa watu wengi hairudi yenyewe mpaka ifanyishwe kazi.

Tena mishipa ya fahamu inajifunza. Mbwa aliyevamiwa na wezi usiku mmoja hubweka hata jani likianguka. Mwili ulioumwa muda mrefu huwa hivyo: unapiga kelele hata pahali ambapo hakuna kinachoharibika. Usilale usingizi, uwe na deni au ugomvi nyumbani, kelele zinazidi. Hii haina maana kwamba maumivu ni ya kujifanya. Ni ya kweli kabisa. Maana yake ni kwamba kuuma si lazima kuwe kuvunjika.

"LAKINI MIMI NI FIGO"

Najua hilo mtaniambia. Kila anayeumwa na kiuno husema ana figo. Figo ziko juu zaidi, chini ya mbavu, na zikiugua mara nyingi huja na homa, kutapika, au mkojo kubadilika. Ukiwa na hayo nenda ukapimwe. Lakini kiuno kinachouma ukiinama na kutulia ukitembea, mara nyingi si figo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwa karibu watu 9 katika kila 10 wenye maumivu ya mgongo wa chini hakuna ugonjwa maalumu wa mfupa au kiungo unaoweza kuonyeshwa kuwa ndio chanzo. Ndiyo sababu picha haisaidii kila mtu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya habari za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa na mgongo hata kidogo. Picha zilionyesha kuchakaa kwa vile vimto vya gegedu katikati ya pingili kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Na hao wote walikuwa hawaumwi! Kwa hiyo ukiambiwa "mgongo wako umechakaa", usiuze ng'ombe. Mvi nazo ni kuchakaa.

DALILI ZA KWENDA HOSPITALI BILA KUNGOJA

Hapa naomba katibu wa kila kikundi aandike. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akiwa na mojawapo ya haya:

1. Anashindwa kukojoa, au mkojo na choo vinatoka bila yeye kujua.

2. Ana ganzi sehemu za siri au pahali pa kukalia.

3. Mguu mmoja au yote miwili inapoteza nguvu.

4. Ameanguka vibaya, kwa mfano kutoka mtini au kwenye pikipiki. Kwa mzee, hata kuanguka kidogo kunatosha.

Na asikawie kumwona daktari mwenye homa isiyoisha, anayetoka jasho usiku, anayekonda, aliyewahi kuugua saratani, au anayeumwa usiku kucha hata akigeuka vipi. Kifua kikuu hushika pia uti wa mgongo, si mapafu peke yake. Na brusela, inayotoka kwa mifugo na maziwa yasiyochemshwa, huleta homa na maumivu ya mgongo. Magonjwa haya yana dawa. Kumchua mgonjwa kama huyu nyumbani ni kumchelewesha.

TIBA: KUTEMBEA NDIYO DAWA YA KWANZA

Zamani hata madaktari waliwalaza watu. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 203 walioumwa na mgongo. Wengine waliambiwa walale siku mbili, wengine siku saba. Wale wa siku mbili walikosa kazi siku chache zaidi, karibu nusu ya zile za wenzao, na kulala zaidi hakukuwasaidia wale wengine. Tangu hapo ushauri ukaanza kubadilika. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya mgongo yaliyozidi miezi mitatu. Linashauri mgonjwa aelimishwe, afanye mazoezi, asaidiwe kupunguza hofu. Na pia kuchuliwa na dawa za kutuliza uvimbe vinaweza kusaidia. Halishauri mikanda ya kiuno, ile inayouzwa sokoni, wala kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya mofini.

Sasa, haya ndiyo mazoezi ambayo unaweza kufanya kwenye mkeka nyumbani.

La kwanza, daraja. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Inua makalio mpaka mwili unyooke kutoka mabega hadi magoti. Hesabu mpaka tano, shuka polepole. Mara kumi. Zoezi hili linaamsha misuli ya makalio.

La pili, mkono na mguu. Piga magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo usiyumbe; mtu angeweza kuweka kikombe cha chai juu yake. Hesabu mpaka tano, badilisha. Mara nane kila upande. Zoezi hili ni la misuli ya ndani.

La tatu, kunyoosha nyonga. Piga goti moja chini, mguu mwingine mbele. Sukuma kiuno mbele taratibu mpaka usikie kuvutwa kwenye kinena. Hesabu mpaka ishirini, badilisha mguu. Hili ni la wale wanaokaa siku nzima.

La nne, kutembea. Anza na dakika kumi, ongeza kidogo kila wiki mpaka nusu saa.

Fanya siku tano katika wiki. Usitazamie muujiza Jumatatu. Watu wengi huona tofauti baada ya wiki sita hadi nane. Mwanzoni utauma kidogo zaidi, kama miguu inavyouma baada ya msimu wa kwanza wa kulima. Uchungu ukitulia kufikia kesho yake, endelea. Ukizidi siku kwa siku, au ukianza kushuka mpaka chini ya goti, punguza na uende kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali kubwa za kaunti zina wataalamu hao. Mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waulize kwanza kliniki.

Mgongo ukikaza ghafla, tia maji ya moto kwenye chupa, izungushie kitambaa, weka pale panapouma dakika kumi na tano. Kuchuliwa taratibu kwa mafuta kunafaa pia, kwa sababu msuli unaachia na mtu anapata nafasi ya kuanza mazoezi. Lakini kuchuliwa peke yake bila mazoezi ni kufagia nyumba na kuacha mlango wazi. Na msikubali mtu kukanyagwa mgongo wala kuchanjwa kwa wembe.

Neno moja kuhusu dawa za dukani. Vidonge kama ibuprofeni na diklofenaki husaidia kwa siku chache. Ukivimeza mwezi baada ya mwezi vinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuharibu hizo figo unazoziogopa. Mjamzito asivinunue mwenyewe. Mimi niliwahi kudungwa sindano tano za mgongo pahali fulani, na hakuna aliyeniambia ni za nini wala kuniambia nitembee. Uliza. Kuuliza si utovu wa heshima.

KAZI YA KIKUNDI

Mpaka hapa nimesema na mtu mmoja mmoja. Lakini wapendwa, mama akifanya daraja asubuhi, kisha ashuke mtoni mara nne na mtungi wa lita 20, tumemsaidia nusu tu. Mzigo huo hawezi kuupunguza peke yake. Kikundi kinaweza.

Majembe: nunueni mipini mirefu. Mpini ukufikie karibu na kifua, usilime umejikunja kama ndoana. Na katika siku ya kulima badilishaneni kazi kila nusu saa: wanaolima wapande, wanaopanda walime.

Maji: badala ya mtungi mmoja wa lita 20, chukua miwili ya lita 10, mmoja kila mkono. Wilbaro moja ya kikundi inaweza kuzunguka nyumba kumi. Na mzunguko wa pesa unaweza kununua tangi la maji ya mvua kwa zamu, nyumba baada ya nyumba, badala ya kununua vyombo vya kabati. Wanaobeba kuni kwa kamba ya kichwani, kateni mzigo mara mbili. Safari mbili nyepesi ni bora kuliko miezi mitatu kitandani.

Wanaume, msinyamaze hapo nyuma. Nani alisema maji ni ya kina mama peke yao?

Magunia: kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka kipimo cha gunia kisizidi kilo 50. Wengi huiona kama habari ya bei tu. Ni habari ya mgongo pia. Mnunuzi akileta gunia la kushonewa kofia, mnampunja kijana wenu anayelibeba, na nyinyi wenyewe mnapunjwa. Kikundi kikikataa pamoja, mnunuzi atashona lingine.

Na mwisho, kitabu cha katibu. Mwenzenu akiumwa, msimtoze faini kama mvivu, na msimpe likizo isiyo na mwisho kama nilivyofanya mimi. Mpeni kazi nyingine: kuhesabu miche, kuandika mahudhurio, kupika uji, kupalilia kwa dakika ishirini kisha kusimama. Aje hata kama ni kwa saa moja. Saa hiyo ya kutembea, kuongea na kucheka ni sehemu ya tiba yake. Kikundi kinachoanza mkutano kwa dakika kumi za mazoezi hakimchagui mgonjwa na kumwaibisha. Wote wananyoosha nyonga pamoja, mwenyekiti akiwa wa kwanza.

Yule mama wa Nyandarua alikuja kupelekwa fiziotherapia na dada yake. Ilimchukua karibu miezi minne ya mazoezi. Nilikwenda kwa kikundi nikakiri kosa langu mbele yao, wakamrudisha. Leo yeye ndiye mweka hazina. Kiuno bado humsumbua msimu wa kuvuna, sitawadanganya. Lakini anajua la kufanya, na halali. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, kilichoniuma zaidi si mgongo. Ni kupita barabarani siku ya Jumanne nikiwaona wenzangu shambani, na mimi sina jembe." Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo.

Basi mkirudi nyumbani, fungueni vitabu vyenu. Tafuteni jina lililofutwa kwa sababu ya mgongo. Mwende mkamwite.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni kazi gani inayoumiza migongo zaidi? Ni nani huifanya?

2. Je, kuna mwanachama aliyeacha kuja kwa sababu ya maumivu? Tulimtendea vipi?

3. Ni kazi gani tatu nyepesi ambazo anayeumwa anaweza kufanya siku ya shamba?

4. Ni jambo gani moja la kupunguza mzigo ambalo tunaweza kuanza mwezi huu kwa pesa tulizo nazo?